TrueNAS kwa ofisi yenye seva chache: kuinstoli ni chap, ruhusa ndo shughuli

Wakuu, nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama una seva mbili tatu za Linux au Proxmox (mfumo wa kuendeshea mashine pepe) na unataka zote zisome na kuandika kwenye storeji moja, TrueNAS, mfumo unaogeuza kompyuta kuwa boksi ya storeji ya netiweki, ni bure, ni imara, na mimi sijaona cha kuipiku kwa ofisi za size yetu. Ila zile video za YouTube mtu anaklik klik dakika chache anasema tayari zisikudanganye, maana kuinstoli ndo sehemu nyepesi, kazi yenyewe ni kuiambia ile boksi nani aingie, apitie wapi, na akishaingia afanye nini. Hapo ndo nitakaa sana kwenye hii review kwa sababu wengi wanaoiponda ukiwasikiliza vizuri unakuta wamekwama hapo hapo.

Kwa asiyeijua, ilianza 2005 ikiitwa FreeNAS, aliyeianzisha ni Mfaransa Olivier Cochard-Labbé, ikiwa inakaa juu ya FreeBSD, baadaye kampuni ya Marekani iXsystems ikaichukua, 2020 ikabadilishwa jina ikawa TrueNAS CORE, halafu 2022 wakatoa SCALE ambayo inakaa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux. Kuanzia vesheni 25.04 ya mwaka 2025 ile ya bure inaitwa Community Edition tu basi. Kama unaanza leo usihangaike na CORE, mambo mapya yote yako upande wa Linux, na mafundisho mengi ya zamani mtandaoni ni ya CORE kwa hiyo usishangae ukiambiwa bonyeza kitu ambacho kwako hakipo.

Hadiwea nitaenda fasta. Wenyewe wanasema RAM isipungue GB 8 na diski ya kubutia GB 16, ila GB 8 ni ya kujaribia tu, ZFS, mfumo wa faili wa TrueNAS, inatumia RAM kama kashe ya kusomea na ukiibania utaona. Sisi tumechukua tawa used ya Dell yenye Xeon, RAM ya ECC (inayojirekebisha makosa) GB 32, diski nne za TB 4 tukazipanga mirror mbili, yaani jozi mbili za diski zinazonakiliana. Ile SSD ya kubutia nunua ndogo kabisa maana TrueNAS inaichukua yote, hata ukiweka ya GB 500 nafasi inayobaki huwezi kuwekea data. Na kama tawa ina kadi ya RAID itoe uweke HBA, kadi inayopitisha diski kama zilivyo, au iflashi iwe IT mode kama inakubali, ZFS inataka kuziona diski zenyewe moja moja, ukiificha nyuma ya RAID haiwezi kukuambia ipi imeanza kuumwa.

Kwenye diski hapo nina neno. Tulichukua kwenye duka moja la mtaani, jina nalihifadhi, zikaja kwenye nailoni yake safi kabisa "mpya hizi bosi", tukaendesha smartctl -a, komandi ya kusoma afya ya diski, tukakuta Power_On_Hours zaidi ya elfu ishirini, yaani diski imeshaunguruma miaka miwili na zaidi huko ilikotoka. Zilirudi siku ile ile kwa kelele kidogo. Kwa hiyo ukienda kununua beba laptop na waya wa kuunganisha SATA kwenye USB, pima pale pale kaunta kabla hujatoa hela, muuzaji akikasirika basi umeshapata jibu. Uliza pia kama ni CMR (ya kawaida) au SMR (njia za data zinapandana, kuandika upya ni polepole), mwaka 2020 Western Digital wenyewe walikiri kwamba baadhi ya diski zao za Red zilikuwa SMR na wateja hawakuambiwa, na SMR kwenye ZFS siku diski moja imekufa unajenga nyingine ni mateso matupu.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Kabla hujagusa sheya yoyote, tenga netiweki. Storeji na seva ziwe na njia yao, iwe VLAN (netiweki iliyotengwa ndani ya swichi ile ile) au swichi ndogo ya pembeni, sisi tumeweka 10.10.10.0/24 na boksi ina IP yake 10.10.10.5 huko, watu wa ofisini wanaotumia kompyuta za kawaida hawaijui na hawana sababu ya kuijua. Sababu siyo spidi peke yake. NFS, njia ya Linux ya kusheya mafaili kwa netiweki, ikiwa imesetiwa kawaida haiulizi paswedi, inaangalia umetoka IP gani na unasema wewe ni yuza namba ngapi, inakuamini. Sasa ukiiweka netiweki moja na WiFi ya wageni ni wewe na Mungu wako.

NFS kwenye TrueNAS unaanza kwa kutengeneza dataseti (kama folda kubwa yenye mipangilio na ruhusa zake), halafu unaenda Shares unaongeza NFS, unachagua njia mfano /mnt/data/vm. Ukifungua mipangilio ya ziada utakuta sehemu ya Networks na sehemu ya Hosts, na hizi watu wanazipita kama hazipo. Ukiziacha tupu zote maana yake kila mwenye uwezo wa kuifikia boksi anaruhusiwa, haimaanishi hakuna mtu. Mimi nakushauri ujaze Hosts kwa IP za seva zako moja moja, ni chache tu, ziandike. Halafu chini yake kuna Maproot na Mapall, na hapa ndo nyumba ya matatizo yote.

Iko hivi. NFS kwa kawaida haimwamini root (yuza mkuu wa Linux) wa mashine nyingine, root akija anageuzwa kuwa nobody, mtu asiye na haki yoyote. Ni jambo zuri kiusalama, lakini Proxmox inaandika kama root, kwa hiyo ukiunganisha bila kugusa kitu inagoma kuandika, ama pale pale unapoiongeza storeji au unapojaribu kutengeneza mashine ndani yake. Dawa yake ni Maproot User uweke root, kwa sheya hiyo tu, na ndo maana nimesema Hosts ijazwe kwanza, maana ukishamwamini root basi ujue ni root wa wapi. Kwa seva za kawaida ambazo programu inaandika kama yuza mmoja, Mapall ni bora zaidi, kila anayekuja anahesabika kuwa yuza huyo mmoja na ugomvi unaisha.

Ugomvi gani? Wa namba. NFS haijui jina lako, inajua namba yako. Tuseme seva ya kwanza yuza wa mfumo wa uhasibu ana namba 1001, seva ya pili mtu alianza kutengeneza yuza mwingine kabla kwa hiyo uhasibu huko ni 1002, basi faili lililoandikwa na seva ya kwanza ukiliangalia kwa ls -l upande wa pili linaonekana ni la mtu mwingine kabisa, na mwenye mali anakataliwa. Hakuna kilichoharibika hapo, namba tu hazijalingana. Andika id uhasibu kwenye kila seva uone, zilinganishe, na kwenye TrueNAS yuza umtengeneze kwa namba hiyo hiyo. Ukitumia NFSv4 ukakuta kila kitu kinaonyesha nobody wakati namba ziko sawa, angalia Domain kwenye /etc/idmapd.conf, lazima ifanane pande zote.

Kupima tumia mashine ya Ubuntu au Debian, weka nfs-common, kisha mount -t nfs -o vers=4.2 10.10.10.5:/mnt/data/vm /mnt/jaribio. Kisha soma error kwa makini maana kila moja inakuambia umekwama hatua gani na wengi wanaona nyekundu tu wanaanza kubadilisha kila kitu. Ikikaa kimya muda mrefu halafu ikasema Connection timed out, hiyo ni netiweki, faiwoli ya katikati au VLAN, NFSv4 inahitaji bandari 2049 tu, v3 ndo inataka na 111 na nyinginezo. Ikijibu haraka access denied by server while mounting, basi umefika ila orodha ya Hosts haikutambui, hapo hakikisha seva yako inatoka na IP unayoidhani, seva yenye kadi mbili za netiweki inaweza kutokea mlango ambao hukuutarajia. Na ikikubali kumaunti halafu touch faili inakuambia Permission denied, achana kabisa na netiweki, hiyo ni Maproot au ruhusa za dataseti. Ukishazijua hizi tatu, muda wa kutafuta tatizo unapungua vibaya mno.

Kingine kidogo ila kinaumiza: sevisi ya NFS ina kitufe cha kuiwasha na ina kingine cha kuifanya iwake yenyewe boksi ikianza. Ni vitu viwili tofauti. Washa vyote.

Haya, iSCSI. Kila kijana akishasikia iSCSI anaitaka maana inasikika kikubwa. Tofauti yake ni kwamba NFS inakupa mafaili, iSCSI inakupa diski nzima tupu kupitia waya wa netiweki, seva inaiona kama diski iliyochomekwa humo ndani, inaiformati yenyewe. TrueNAS ina wizadi nzuri sana kwa hili, na nikiri hapa wametulia, unapita hatua kwa hatua: ekstenti ambayo ndo diski yenyewe unayoikata kutoka kwenye puli (mkusanyiko wa diski zako zote) kama zvol, aina ya matumizi unaacha Modern OS, portali ambayo ni IP itakayosikiliza, inishieta ambao ni seva zinazoruhusiwa, na tageti ambayo inaviunganisha vyote. Jina la tageti linaanza na iqn.2005-10.org.freenas.ctl, jina la FreeNAS bado limo humo mpaka leo.

Kwenye portali usiache 0.0.0.0, chagua ile IP ya netiweki ya storeji. Kwenye inishieta usiache ruhusa kwa wote, nenda kwenye kila seva fungua /etc/iscsi/initiatorname.iscsi ukopi lile jina refu uliweke kwenye orodha. Hapa kuna mtego kwa wanaopenda kukloni mashine, ukikloni seva ya Linux ambayo tayari ina open-iscsi, ile faili inakuja na jina lile lile, sasa una seva mbili zinajitambulisha kwa jina moja na storeji haijui huyu ni nani. Badilisha jina kwanza. Ukitaka na paswedi kuna CHAP, siri yake iwe herufi 12 mpaka 16, chini ya hapo wala juu ya hapo haikubali. Upande wa seva ni komandi mbili tu, iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.10.5 inakuletea orodha, halafu iscsiadm -m node --login, ukiandika lsblk unaona diski mpya imetokea.

Na hapa naomba nipaze sauti kidogo. Diski ya iSCSI yenye ext4 au XFS USIIMAUNTI kwenye seva mbili kwa wakati mmoja. TrueNAS itakuruhusu, Linux itakuruhusu, hakuna atakayekupigia kelele, na kwa muda utaona inafanya kazi, lakini kila seva inadhani iko peke yake, inaandika jedwali lake bila kujua mwenzake kaandika nini, mwisho wake ni mafaili yaliyochanganyika ambayo hata fsck haiyarudishi. Kama unataka seva nyingi zishike LUN (diski ya iSCSI) moja unahitaji mfumo wa faili uliotengenezwa kwa hilo, VMFS ya VMware, GFS2, OCFS2, au kwenye Proxmox unaweka LVM (kigawa diski cha Linux) juu yake unatiki shared, klasta inahakikisha kila kipande kinashikwa na nodi moja tu. Kama haya maneno ni mageni kwako basi chukua NFS ulale usingizi, haina aibu.

Sisi kwenye Proxmox tumebaki na NFS kwa mashine karibu zote, kisa snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia. Faili za qcow2 (diski ya mashine pepe ikiwa faili) juu ya NFS zinakupa snapshoti bila shida, wakati LVM juu ya iSCSI snapshoti hazikuwepo kabisa mpaka Proxmox 9 ya 2025 na hata huko imekuja kama kitu cha majaribio. iSCSI tumeiacha kwa seva moja ya databesi ambayo inashika diski yake peke yake. Kumbuka pia nafasi: kwa mafaili ya kawaida usijaze puli kupita asilimia 80, kwa iSCSI wenyewe wanashauri uishie kwenye 50, ndiyo, nusu. Inauma ukifikiria bei ya diski ila ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inatafuta pa kuandikia papya kila mara, na nafasi ikibana inaanza kuhangaika.

Umeme nao, tusijifanye tuko Uswisi. Umeme ukirudi vyote vinawaka kwa pamoja, na seva za Linux mara nyingi zinawahi kabla boksi ya storeji haijamaliza kufungua puli, kwa hiyo kwenye /etc/fstab usiandike mstari mkavu, weka _netdev,nofail,x-systemd.automount, seva iwake yenyewe na storeji imauntiwe pale mtu anapoigusa. Achana na soft kwenye NFS, acha hard ambayo ndo kawaida yake, programu itaning'inia ikisubiri storeji irudi, na hiyo ni afadhali kuliko iambiwe imeshindwa katikati ya kuandika. Na utaona watu wanashauri uzime sync (kusubiri data iandikwe kweli kwenye diski) kwenye dataseti ili NFS iende kasi. Ni kweli inakwenda kasi, lakini umeme ukikatika sekunde kadhaa za mwisho ambazo seva ilishaambiwa zimehifadhiwa zinapotea. Kwa databesi ya mauzo hiyo hapana. Kama unahitaji kasi ya kuandika tafuta SSD yenye ulinzi wa kukatika umeme uiweke kama SLOG, sehemu ya ZFS ya kupokelea maandiko ya sync haraka.

UPS ni lazima, na TrueNAS inakuja na NUT (programu ya kusimamia UPS) ndani, unachomeka waya wa USB wa UPS kwenye boksi, boksi inakuwa msimamizi na seva nyingine zinaisikiliza kwa netiweki. Panga seva zizimike kwanza ndo storeji ifuate, ukigeuza mpangilio seva zinabaki zinaning'inia zikitafuta diski ambayo haipo na UPS inaisha kabla hazijafunga vizuri.

Nisichokipenda? Kwanza apt imefungwa, hii ni Debian lakini siyo yako, ukitaka kuweka kitu cha ziada moja kwa moja kwenye mfumo hapana, na hata ukilazimisha apdeti inayofuata inafuta. Naelewa sababu yao ila mtu aliyezoea Linux ya kawaida atakereka. Pili wanabadilisha mambo makubwa makubwa, upande wa Apps walikuwa na Kubernetes, 24.10 wakahamia Docker, kwa hiyo mimi Apps sizigusi, boksi ya storeji ibaki kuwa ya storeji. Vesheni mpya ikitoka subiri apdeti zake mbili tatu za kurekebisha zipite ndo upande, na kabla ya kupanda shusha faili la konfig, na tiki ile ya kujumuisha siri zilizohifadhiwa maana bila hiyo paswedi za CHAP na nyinginezo haziji. Tatu, maelezo ya kiolesura kwenye ruhusa za dataseti ni mengi kuliko yanavyosaidia, ACL (orodha za ruhusa) za aina mbili, na anayeanza hawezi kujua achague ipi. Kwa NFS ya Linux tupu chagua Generic unapotengeneza dataseti, usichanganye na ile ya SMB, ambayo ni ya sheya za Windows.

Je, huwezi kutumia Ubuntu tu na nfs-kernel-server? Unaweza kabisa, na kama una sheya moja na seva mbili ni nyepesi kuliko TrueNAS. Ila kwenye /etc/exports chunga nafasi. Ukiandika 10.10.10.0/24(rw) umeruhusu netiweki yako kuandika, ukiandika 10.10.10.0/24 (rw) ukaweka nafasi kabla ya mabano, netiweki yako imebaki ya kusoma tu na dunia nzima imepewa kuandika. Nafasi moja tu hiyo. Kwenye TrueNAS huwezi kuanguka hivyo kwa sababu unajaza visanduku, na kwa ofisi ambayo kesho fundi mwingine anaweza kushika mahali pako, visanduku vina thamani. OpenMediaVault nayo ni poa kwa mashine dhaifu. Synology ni nzuri kwa asiyetaka kugusa kitu, ila kwa hela ya boksi yao yenye nafasi nne mimi napata tawa used, HBA na RAM juu.

Alama zangu: kuinstoli 9 kwa 10, NFS 8, iSCSI 9 kwa sababu ya ile wizadi, maelezo ya ruhusa 5. Jumla naipa 8. Kwa sasa kinachotubana ni waya wenyewe, giga moja inaishia kama MB 110 kwa sekunde na seva mbili zikifanya bakapu usiku kwa pamoja zinagawana hizo hizo, kwa hiyo tunatafuta kadi za giga 10 za SFP+ used, Mellanox ConnectX-3 au Intel X520, na waya mfupi wa DAC. Mwenye kujua wanaouza zilizopimwa hapa Dar aseme.